Fundi Hurudi: Safari ya Illasit

Simu ilinipata kabla sijafungua mlango wa karakana yangu hapa Kitengela. Haikuwa imetimia saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na mwenye mtambo hapigi simu saa hizo kukujulia hali tu. "Fundi," mzee alisema taratibu baada ya salamu, "ile silinda inalia tena."

Tunasema silinda inalia pale oili inapopenya mdomoni mwake na kutiririka juu ya fimbo kama machozi. Na silinda hii, ya mkono wa ekskaveta, niliijua. Wiki 6 kabla ya siku hiyo, mikono yangu ndiyo iliyoifungua, ikaitia sili mpya na kuifunga, kando ya silanga, bwawa la kunasia maji ya mvua, lililokuwa likichimbwa nje ya Illasit, kule mpakani na Tanzania. Nililipwa pesa zangu zote. Nikiwa tayari juu ya bodaboda nilimwambia mzee, "Hii sasa itakaa." Haikukaa.

Mzee hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Unakuja lini?" Nikamwambia kesho kutwa. Akasema, "Mvua haiko mbali, fundi," akakata simu. Ilikuwa mwisho wa Septemba. Kule chini ya Kilimanjaro mvua ya vuli ndiyo watu huitegemea, na silanga lisilokwisha kabla ya mvua ni shimo tu: maji yatapita kando yake yakienda zake.

Watu huniuliza fundi wa mitambo mizito anayejitegemea ana nini ambacho fundi wa kampuni hana. Ukweli ni kwamba ana vichache zaidi. Hana gari lenye nembo, hana ghala la spea nyuma yake, na hana mkubwa wa kumpigia simu kazi ikimshinda. Kampuni ikikuuzia mtambo mpya hukupa karatasi ya dhamana yenye muhuri. Mimi sina karatasi hiyo. Dhamana yangu ni kwamba ukinipigia simu nitarudi. Nisiporudi mara moja tu, habari itafika Kimana kabla ya jioni na Emali kabla ya wiki kwisha, kwa sababu maopereta wanajuana, hupigiana simu usiku, na wanapotafuta fundi huulizana swali moja: akiharibu, hupatikana?

Kabla ya kufunga safari nilimpigia opereta. Nilimwomba ashushe mkono wa mtambo hadi chini, kisha auinue kidogo tu huku mwenzake akipiga picha za video pale fimbo ya silinda inaposhikana na mkono kwa pini. Video ilikuwa ya sekunde 9. Niliitazama mara tatu. Mkono uliposhtuka kuinuka, pini ilicheza kwanza ndani ya bushi, ikainama upande, ndipo mkono ukafuata. Moyo wangu ulishuka. Kosa halikuwa kwenye sili. Bushi ilikuwa imelika, na fimbo, badala ya kusukuma wima, ilikuwa ikisukuma kwa kuegemea upande mmoja. Fimbo inayoegemea huila sili upande huo kama kisu kinavyokula ubao wa jikoni. Safari iliyopita nilitibu homa nikaacha kidonda.

Na ningeweza kukiona. Siku ile jua lilikuwa linazama, nilitaka kuwahi matatu ya mwisho ya Emali, na sikuishika pini kwa mkono kupima mchezo wake. Ni jambo la nusu dakika.

Kitengela ni mji uliokuzwa na kazi ya mashine. Upande mmoja kuna Athi River na viwanda vyake vya saruji, pamoja na EPZ, eneo la viwanda vya bidhaa za kuuza nje. Upande mwingine barabara kuu inateremka kwenda Namanga. Tipa za kokoto na malori ya saruji hupita usiku na mchana, na pembeni ya barabara hiyo utapata karibu kila anayehitajika kuuinua mtambo uliolala: muuza hozi za haidroliki, mtengeneza rediata, fundi wa pampu za dizeli, na mkereza vyuma. Kwa mkereza vyuma ndiko nilikokwenda kwanza.

Daftari langu lilikuwa na vipimo: pini ya milimita 80, bushi yenye kipenyo cha nje cha milimita 95. Tulichagua chuma cha EN19, kwa maana chuma laini kingeisha kwa mwezi mmoja. Mkerezaji alikifunga kwenye mashine yake, kikaanza kuzunguka, na vipande vyembamba vya chuma vikajikunja na kuanguka vikiwa na rangi ya samawati kwa joto. Yeye huongea kidogo. Kila baada ya mkato alizima mashine, akafuta kwa kitambaa, akapima kwa maikromita, akaandika kwa chaki ukutani. Nilimwomba bushi iwe nene kuliko tundu lake kwa sehemu 5 za mia za milimita, chini ya unene wa unywele. Ikiwa nyembamba itazunguka ndani ya jicho la fimbo na kulila. Ikiwa nene mno haitaingia, au itaingia ikiwa imepasuka. Kazi yangu yote ya siku mbili mbele ilisimama juu ya hicho kipimo kisichoonekana kwa macho. Pini alipomaliza kuikereza aliipasha moto hadi ikawa nyekundu, akaizima ndani ya oili ili iwe ngumu.

Asubuhi ya pili nilipanda matatu kwenda Kajiado, kiasi cha kilomita 50, pini na bushi vikiwa mapajani mwangu ndani ya gunia. Kondakta aliniambia, "Mzee, weka huo mzigo nyuma." Nilimwomba radhi nikaulipia kama abiria. Pini ikigongwa ncha inaharibika, nami sikuwa na nafasi ya kuharibu kitu kingine.

Barabara hii ya Athi River hadi Namanga ndiyo iliyonifundisha kazi. Ilipokuwa ikijengwa upya nilikuwa kijana wa kubeba maji, kisha wa kuosha mitambo, kisha tanboi wa fundi mkuu. Niliosha filta kwa dizeli miezi 4 kabla ya kuruhusiwa kufungua boliti. Nilidhani nadharauliwa. Baadaye nikaelewa kwamba uchafu wa filta ndio barua ambayo mtambo humwandikia fundi: unga wa rangi ya shaba maana yake kuna kitu cha shaba kinachosagika ndani ya pampu, chembe nyeusi za mpira maana yake sili inakufa, na oili iliyopauka kama chai ya maziwa maana yake maji yameingia. Kufikia Isinya, pale nyaya kubwa za umeme zinapopita juu ya barabara na mashamba ya maua yametandika plastiki zao nyeupe, huwa nakumbuka kambi yetu ya wakati ule na fundi yule mkuu, marehemu sasa, aliyekuwa akisema kwamba mtambo una subira kuliko binadamu: utakuambia shida yake ukiwa tayari kusikiliza, na usiposikiliza utakuambia tena kwa bei kubwa zaidi.

Kajiado ni makao makuu ya kaunti na mji wa reli ya Magadi. Huko nilikutana na mwenzangu, fundi wa kuchomelea, mwenye pikapu kuukuu na mashine ya weldingi inayobebwa nyuma yake. Sisi wa kujitegemea hatufanyi kazi peke yetu kama jina linavyodai. Mimi sina mashine ya weldingi. Yeye hana vipimo vya presha. Mkerezaji hana subira ya kulala porini; mimi sina mashine ya kukereza. Tukihitajiana tunaitana, na hesabu tunaifanya kwa uaminifu, leo yako kesho yangu. Nilimweleza mapema kwamba safari hii sitamlipisha mzee nguvu za mikono yangu, hivyo malipo yake yeye yatatoka mfukoni mwangu. Alinitazama kidogo, akasema, "Nipe mafuta ya gari tu. Na mimi nina kazi zangu za kurudi."

Watu wa kazi kama yetu wana hata jina la kitaalamu. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu ajira nchini Kenya, na ripoti hiyo ndiyo iliyofanya msemo wa sekta isiyo rasmi uenee ulimwenguni. Sisi jina letu ni jua kali, kwa vile kazi yetu hufanywa juani. Wengi wetu baadaye tumeketi kufanya majaribio ya ufundi ya serikali, ambayo siku hizi yako chini ya NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, kuanzia daraja la tatu hadi la kwanza. Naiheshimu sana karatasi hiyo na nilijinyima kuipata. Lakini katika majaribio yote matatu hakuna aliyeniuliza ningefanya nini kazi yangu ikiharibika nikiwa nimeshalipwa. Swali hilo huulizwa na simu ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

Kutoka Kajiado tulikata mashariki kupitia Mashuuru. Nchi hapa ni pana na kavu, migunga na udongo mwekundu, na kila baada ya kitambo unaona kundi la ng'ombe na kijana mmoja nyuma yake. Ukame uliofikia kilele chake mwaka 2022 bado unasimuliwa huku kama msiba wa nyumbani. Mifugo ilikufa kwa wingi sana kote Kajiado, na hata wanyamapori wa Amboseli, ndovu miongoni mwao, walianguka. Tangu hapo nimeitwa kwenye masilanga mengi kuliko barabara. Kaunti inachimba, makanisa yanachimba, na wazee wanachanga kukodi mtambo kwa siku. Mtambo ukilala siku hizo zilizolipiwa, mchango wa boma zima unalala nao. Ndiyo sababu siwezi kuiona kazi hii kuwa ya chuma peke yake.

Tuliingia barabara kuu ya Mombasa karibu na Sultan Hamud, mji uliopewa jina la Sultani Hamoud wa Zanzibar aliyefika hapo reli ilipokuwa ikijengwa mwishoni mwa karne ya 19. Emali tulikula chapati na maharagwe, tukajaza tangi, tukageuza kusini. Kutoka Emali hadi Loitokitok ni kama kilomita 100 za lami, na mwenzangu, ambaye hakuwahi kufika, aliniuliza lile bomba linaloonekana hapa na pale kando ya njia linakwenda wapi. Nikamwambia linakuja kwetu. Ni bomba la Nolturesh. Maji yake hutoka kwenye chemchemi zilizo chini ya Kilimanjaro upande wa Loitokitok, yakasafiri kupitia nchi hii kavu hadi Emali, Sultan Hamud, Machakos, Kajiado, Athi River na Kitengela. Alinyamaza mwendo mrefu. Kisha akasema, "Basi sisi tunakunywa maji ya huku, na wenyewe wanachimba shimo kungoja mvua." Sikuwa na la kuongeza. Nilikanyaga mafuta.

Kimana ilitupokea kwa kijani. Maji ya chemchemi yamegeuza sehemu hiyo kuwa shamba la nyanya na vitunguu, na kando ya barabara masanduku ya mbao yalikuwa yamepangwa kungoja malori ya Nairobi. Tukapita Loitokitok, tukashuka kuelekea Illasit wakati jua limeelemea magharibi.

Illasit ni mji wa mpakani usio na makeke. Mtaa mmoja wenye vumbi la volkeno, maduka ya jumla, bucha, agrovet, magunia ya mahindi na maharagwe, na watu wa makabila mengi: Wamaasai, Wakamba, Wakikuyu, na Wachagga wanaovuka kutoka upande wa Tarakea. Mpaka uliochorwa na Waingereza na Wajerumani katika karne ya 19 unapita hapa, lakini biashara haikuwahi kuukubali. Hata lugha ya gereji hubadilika ukivuka. Msaidizi wa lori ambaye sisi tunamwita tanboi, wao ni utingo. Kile chombo cha mbele cha kuchotea udongo kwetu ni baketi, wao wana jina lao. Lakini bushi ni bushi pande zote mbili, na grisi ni grisi.

Jambo la kwanza nililofanya si kwenda kwenye mtambo. Nilikwenda kwenye bucha yenye friza, nikamwomba mwenye duka aniwekee bushi yangu humo usiku kucha. Aliigeuzageuza mikononi kwa mashaka. Nikamweleza kwamba chuma kikipoa husinyaa. Bushi ya milimita 95 ikitoka kwenye joto la mchana hadi baridi ya friza, hupungua karibu sehemu 5 za mia za milimita, na nafasi hiyo ndogo ndiyo nitakayoitumia kesho. Aliifunga kwa mfuko wa nailoni, akaisogezea mbuzi mzima aipishe, akakataa malipo. "Mzee wa silanga ni shemeji yangu," alisema. "Ng'ombe wake na wangu watakunywa pamoja."

Asubuhi mlima ulikuwa wazi. Kutoka Illasit, Mawenzi ndiyo iliyo karibu, imechongoka kama meno ya msumeno, na Kibo iko nyuma yake na theluji yake, mita 5,895 juu. Kufikia saa tatu mawingu huwa yameshaufunika. Tulishuka kilomita chache kuelekea nchi ya chini, njia ya Rombo, hadi tukaona shimo kubwa jekundu, kilima cha udongo ukingoni mwake, na mtambo umeinamisha mkono kama ng'ombe mgonjwa. Ni ekskaveta ya tani 20. Watu wa huku huiita katapila, ingawa haikutengenezwa na kampuni ya Caterpillar. Tangu kampuni hiyo iundwe Marekani mwaka 1925, jina lake limesafiri likawa la kila kitu kinachotembea kwa minyororo.

Mzee alikuwa amekaa juu ya jiwe, shuka nyekundu mabegani. "Sopa," nilimsalimu. "Ipa," akajibu, akanipa mkono. Nilichuchumaa mbele yake kabla ya kufungua sanduku la vifaa, nikamwambia mbele ya opereta na vijana wote: "Mzee, wakati ule nilibadilisha sili bila kupima bushi. Kosa ni langu. Leo nalipia nguvu zangu mwenyewe. Wewe utalipa chuma tu." Alinyamaza, akachora kitu mchangani kwa fimbo yake. Kisha akasema, "Ng'ombe akipotea, mchungaji mzuri ni yule anayerudi jioni kusema amepotea. Fanya kazi."

Tulianza kwa kuondoa presha. Baketi ilipumzishwa chini kabisa, injini ikazimwa, opereta akasogeza levya zote mbele na nyuma mara kadhaa, nikafungua kifuniko cha tangi la haidroliki polepole hadi kikaacha kufoka. Naomba kijana yeyote anayesoma haya na kutamani kazi hii asome hapa mara mbili. Ndani ya mtambo kama huu oili husukumwa kwa presha inayofika ba 340 hivi. Tairi la gari dogo hubeba ba 2 na kidogo. Hozi ikitoboka tundu la sindano, oili inayotoka hupenya glavu na ngozi pamoja. Alama yake ni ndogo na mwanzoni haiumi sana, ndiyo maana watu huipuuza, wakaja kukatwa kidole au mkono. Tundu hutafutwa kwa kipande cha kadibodi, kamwe si kwa kiganja. Na ikikupenya, unakwenda hospitali saa hiyo hiyo, unamwambia daktari ni oili ya haidroliki. Nimewahi kukaa kando ya kitanda cha fundi mmoja aliyengoja hadi asubuhi. Alikuwa fundi hodari wa mkono wa kulia.

Pini ya zamani ilitoka kwa nyundo ya kilo 6 na jasho la watu watatu. Nilipoifuta, kila mtu alisogea kuangalia. Upande mmoja ulikuwa bado laini. Upande wa pili ulikuwa na mfereji ambao ukucha wangu ulizama, na chuma kilikuwa kimegeuka rangi ya samawati kwa kuungua. Haikuwa na grisi hata chembe. Nikamuuliza opereta, kwa upole maana najua ilivyo rahisi kumlaumu mdogo, "Ndugu, huipaka grisi?" Akaapa kwamba kila asubuhi huweka bomba la grisi kwenye nipo na kubonyeza. Nilimwamini. Niliifungua ile nipo, kichuchu kidogo kisichozidi ncha ya kidole, nikaijaribu: ilikuwa imeziba kwa udongo mkavu. Grisi ya kila asubuhi ilikuwa ikirudi nje ya kichuchu na kupangusika, naye akadhani imeingia.

Nipo hiyo ilikuwa hapo hapo wiki 6 nyuma. Hesabu ya kiwanda ni kupaka grisi pini hizi kila baada ya saa 10 za kazi, na ishara ya kwamba imeingia ni moja tu: grisi mpya lazima isukume ya zamani itoke pembeni mwa bushi. Kama siku ile ningebonyeza bomba la grisi mara tano na kutazama, ningejua. Sili, bushi, pini, oili iliyomwagika, siku 4 za mtambo kulala na safari ya watu wawili, vyote vilitoka kwenye kichuchu kilichoziba.

Silinda tuliishusha kwa cheni bloku iliyoning'inizwa kwenye miti mitatu. Nilipoifungua, pete inayoiongoza fimbo ilikuwa imelika upande mmoja tu, upande ule ule wa mfereji wa pini. Fimbo yenyewe niliilaza juu ya mbao mbili na kuizungusha polepole huku nikitazama kwa rula. Haikuwa imepinda, nikashukuru Mungu kwa sauti. Mkwaruzo mdogo uliotokana na mawe makali ya volkeno niliusugua kwa jiwe laini la oili mpaka ukucha ukapita bila kukwama. Sili mpya nilizitia kwenye maji ya moto ambayo mama wa chai alituletea kwa birika. Zikilainika huvaa bila kuchanika. Niliziingiza kwa vidole na kipande cha mti mgumu, si kwa bisibisi, kwa sababu bisibisi ndiyo muuaji mkubwa wa sili mpya.

Kisha zamu ya mwenzangu. Bushi ya zamani ilikuwa imeshikana na jicho la fimbo kama imezaliwa humo. Ukiipiga nyundo unaharibu jicho. Ukiikata kwa moto unaweza kulichoma. Alitoa terminali ya betri ya mtambo kwanza, maana umeme wa weldingi hauna huruma na kompyuta ya mtambo, akafunga waya wa athi pale pale kwenye jicho. Halafu akachora mstari mmoja wa weldingi ndani ya bushi, kuzunguka ukuta wake. Tukangoja. Chuma kilichoyeyuka kikipoa hujivuta, na kikijivuta huikaza bushi yote kuelekea ndani. Baada ya muda wa kunywa kikombe cha chai, aliigusa kwa nyundo ndogo. Ikashuka mchangani kama embe bivu. Vijana walipiga makofi, na mzee akainuka kutoka kwenye jiwe lake kwa mara ya kwanza.

Nilimpigia simu mwenye bucha. Bodaboda akaja na ndoo ya barafu, bushi katikati yake, nyeupe kwa baridi. Mwenzangu alikuwa ameshalipasha jicho kwa moto wa gesi, si kwa wekundu, ila kiasi cha tone la maji kuruka likigusa. Nikavaa glavu, nikaishika bushi, nikaipanga na tundu, nikasukuma kwa viganja viwili. Iliteleza yote, hadi mwisho, bila nyundo. Sauti yake ilikuwa kama ya kifuniko cha sufuria kikikaa mahali pake. Dakika mbili baadaye ilikuwa imeshikwa kwa namna ambayo watu kumi wasingeitoa.

Kufikia saa kumi na moja jioni mtambo ulikuwa umefungwa. Niliweka nipo mpya, nikamwita opereta, nikampa bomba la grisi mwenyewe. "Bonyeza," nikamwambia, "na usitazame bomba. Tazama pembeni ya bushi." Alibonyeza mara nne, hakuna kitu. Mara ya tano, utepe mwembamba wa grisi ulijitokeza kuzunguka pini, mng'aro wake wa njano juani. Alinitazama kama mtu aliyeonyeshwa mlango ndani ya nyumba aliyokaa miaka. Akawasha injini. Mkono ukainuka moja kwa moja, bila kushtuka, fimbo kavu, baketi ikazama kwenye udongo mwekundu na kuchota.

Hatukuondoka jioni hiyo. Niliomba mtambo ufanye kazi siku nzima ya pili nikiwepo, na kila baada ya saa moja niliifuta fimbo kwa kitambaa cheupe. Jioni kitambaa kilikuwa bado cheupe. Mzee alilipa bei ya chuma na sili kwa M-Pesa, kisha akamwambia mjukuu wake atuwekee kibuyu cha maziwa ndani ya pikapu. Nilijaribu kukataa. Akasema maziwa si malipo.

Kuna jambo moja nililomwomba, akanipa bila kuuliza: ile bushi ya zamani. Iko hapa mezani mwangu Kitengela ninapoandika. Ina mstari wa weldingi ndani yake na mfereji uliolika upande mmoja. Kijana akija kwangu kutaka kujifunza kazi, kabla sijampa spana nampa hiyo. Namwambia apitishe ukucha wake ndani, polepole, mpaka uzame. Kisha namweleza nipo ilivyokuwa imeziba, na jinsi nilivyopanda bodaboda jua likizama, nikamwambia mzee wa watu kwamba itakaa.